Kusimama Fremu

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lipo kwenye kitambulisho, ila mji mzima ulimwita Kibano, kwa sababu ya kile kibano cha chuma alichokichomeka mfukoni mwa shati, pale ambapo wengine huchomeka kalamu. Miaka ishirini na tisa alipanga barua nyuma ya kaunta ya posta. Mkono wake ulizijua njia hata akawa anapiga soga na wenzake huku barua zinaruka kama zenyewe kuingia kwenye vishubaka. Huko ndiko ugonjwa wa stempu ulikomkamata, na ugonjwa huo ukishamwingia mtu hautoki kwa sindano.

Yeye na wenzake wawili ndio walioanzisha Shirikisho la Wakusanya Stempu wa Jimbo. Mmoja alikuwa mfamasia, mnene, kicheko chake nusu kikohozi. Wa pili alikuwa mwalimu wa taipu, mwanamke mrefu aliyetaka kila jambo liwe na kanuni na kila kanuni iwe na namba. Walikutana chumba cha nyuma cha duka la dawa, wamekalia makatoni ya pamba, wakaviunganisha vyama vya miji minne. Seremala akawatengenezea fremu ishirini za mbao na kioo, kila fremu ikibeba kurasa kumi na sita. Maonyesho ya kwanza watazamaji walikuwa kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wamekimbia mvua tu. Kibano aliwahesabu wote.

Desturi ya kusimama fremu aliileta yeye. Waamuzi wakishatoa alama, mwenye fremu husimama kando yake, mikono nyuma, na mwamuzi mkuu humsomea makosa kwa sauti, ukumbi mzima ukisikiliza. Hajibu, hajitetei. Mwisho anasema neno moja tu, "Nashukuru." Kibano alisema hiyo ndiyo dawa ya uzembe. Mwalimu wa taipu akaigonga kwenye mashine, ikawa kanuni namba tisa.

Maonyesho ya pili yakaja, na hapa nitulie kidogo, maana mengine yote yamechipuka hapa.

Mkewe Kibano alikuwa bado binti mbichi, mwaka mmoja na nusu tangu waoane. Mume akishinda na stempu zake, naye akaanza kukusanya za kwake, kimya kimya, za ndege tu: kunguru, korongo, mnandi, ndege yeyote mwenye mdomo. Akazipanga kwenye kurasa kumi na sita, chini ya kila ndege akaandika maneno mawili matatu ya anavyolia na anavyojenga kiota. Akaipeleka fremu bila kumwambia mume. Alitaka kumfurahisha.

Sasa wakusanyaji wana namna yao ya kushikiza stempu: kikaratasi chembamba chenye gundi nyepesi, unakibandua bila kuacha jeraha. Yeye hakukijua. Alichemsha unga na maji, akabandika ndege wake wote kwa gundi ya unga.

Mwamuzi mkuu alikuwa mumewe. Angeweza kupita haraka. Hakupita. Aliinama, akanusa kioo kama paka kwenye sufuria, akageukia watu. "Wataalamu, hii si fremu, hii ni jiko. Mama huyu ametuletea ndege wa kukaangwa kwa unga!" Ukumbi ukaangua kicheko, mfamasia akakohoa mpaka akapewa maji. Kibano akaendelea dakika kumi nzima. Binti yule alisimama mikono nyuma, shingo imekakamaa, na mwisho akasema, "Nashukuru."

Siku ile ile akapata jina, Bi Unga. Mpaka wajukuu wa watu walimwita hivyo bila kujua sababu. Na nyumbani akapewa amri mbili: asiguse stempu, kwa kuwa mikono yake ina mafuta, na asiseme neno lolote la stempu, kwa kuwa hajui kitu. Hiyo ya mafuta Kibano aliifanya utani wake wa kila mwaka wakati wa chai. "Mke wangu mikono inateleza mafuta hata akitoka kuoga!" Wakicheka, naye Bi Unga akiwamiminia chai.

Shirikisho likanona. Vyama vikafika tisa, shule zikaleta watoto kwa mistari, gazeti likapiga picha. Kisha watu wakaacha kuandikiana barua, vyama vikabaki vitatu, na wanachama wakawa watu wa kusaidiana kupanda ngazi. Kibano alikuwa mwamuzi mkuu miaka thelathini na sita, na mwamuzi haruhusiwi kushindana. Ndiyo maana ukutani kwa mwalimu wa taipu, kwenye ubao wa washindi wa dhahabu, yumo mpaka mpishi wa reli, Kibano hayumo. Jambo hilo lilimla. Akaacha kazi ya uamuzi ili ashindane. Mara ya kwanza akapata nishani ya fedha, mara ya pili fedha tena. Maonyesho haya ya arobaini aliapa ni dhahabu au basi.

Kwa dhahabu hiyo alikuwa na silaha: stempu nne za zambarau zilizoshikana, hazijawahi kuachanishwa, za posta ndogo iliyofungwa baada ya miezi miwili. Alizipata zamani kwa mjane mmoja, akampa badala yake jozi ya viatu iliyokwisha soli, huku akijua alichokishika.

Ila macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia pande zote mbili, dunia imekuwa kama chai ya jana. Daktari alimpa tarehe ya kutolewa, akaikataa. "Nikishapata dhahabu yangu, hata wakitaka kuyang'oa wayang'oe." Na hakumwambia mtu, maana nani atampa alama mkusanyaji kipofu?

Jumanne kabla ya maonyesho alitaka kusafisha migongo ya stempu nne za kahawia, zilizokuwa na vikaratasi vya zamani vilivyogandana. Kuziogesha, wenyewe wanasema: unaziweka kwenye sahani ya maji, gundi inalegea. Kwa macho yake, kahawia na zambarau zilikuwa kitu kimoja. Na wino ule wa zambarau hauvumilii maji hata kidogo. Kila anayeanza hufundishwa hivyo. Ni kanuni namba kumi na nne, zambarau haiogeshwi, na aliyeitunga ni Kibano.

Akaziogesha zile za zambarau, akazikausha mezani kando ya za kahawia. Zilipokauka akapapasa kutafuta zilizoshikana, akazipanga ukurasa wa saba. Akazitazama akaona kile alichokuwa anakikumbuka.

Jumamosi asubuhi ukumbi wa chuo ulijaa kiasi, feni zinazunguka, chai kwenye birika kubwa nyuma. Mwamuzi mkuu alikuwa daktari wa meno, mwanamke wa makamo kutoka jimbo jirani. Wiki nzima huhesabu meno ya watu, Jumamosi huhesabu meno ya stempu, yale ya ukingoni. Kibano alivaa koti. Akasimama kando ya fremu yake, mikono nyuma, kidevu juu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nisomee."

Alimsifu kwa mpangilio, akamsifu kwa maandishi. Kisha akaweka kioo cha kukuzia kwenye ukurasa wa saba.

"Hizi nne, mzee. Zina rangi gani?"

Kibano akatabasamu. Swali hili alilingoja miaka. "Zambarau iliyokoza. Jimbo zima hutazipata nyingine."

"Labda zambarau ya mbinguni!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Mzee, hizi ni nyeupe," alisema daktari wa meno. "Pembeni kuna kama moshi kidogo, basi. Zimeoshwa."

Mfamasia akasogea, akaweka pua kwenye kioo. "Kibano, ndugu yangu, hizi zimekuwa karatasi ya choo!" Kikohozi kikaanza, na ukumbi ukacheka naye.

"Niwasomee kanuni namba kumi na nne?" aliuliza daktari wa meno.

"Soma," alisema mwalimu wa taipu kutoka meza kuu. "Na useme nani aliitunga."

Akaisoma. Kibano aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatazama kweli. Aliona ukungu ndani ya ukungu. Maneno yakamtoka kabla ya akili.

"Ni mke wangu! Huyo hapo, Bi Unga. Nyumbani hakuna mwingine. Amezigusa nikiwa nimelala!"

Vichwa vyote vikageuka. Bi Unga alikuwa karibu na birika, anapanga vikombe. Aliweka kimoja chini taratibu.

"Mimi sigusi stempu," alisema. "Mikono yangu ina mafuta. Hata nikitoka kuoga."

Ukumbi ulipasuka. Utani waliufahamu wote, wameusikia miaka thelathini na nane, na sasa umetoka kwenye mdomo mwingine. Wengine walishika mbavu. Kibano alisubiri wamalize, hawakumaliza.

"Neno, Bwana Kibano," alisema mwalimu wa taipu, akigonga meza kwa kalamu. "Kanuni namba tisa."

Akasema. Hakusikika.

"Kwa sauti!"

"Nashukuru."

Hakupata dhahabu, hakupata fedha, alipewa cheti cha ushiriki ambacho hakuweza kukisoma. Dhahabu ilikwenda kwa kinyozi mwenye stempu za magari ya moshi.

Alasiri walirudi nyumbani kwa miguu, Kibano ana albamu yake kwapani na ameshika kiwiko cha mkewe, maana njia ilikuwa na mashimo. Akakaa kwenye kiti chake cha mezani, koti hajavua.

"Mama. Yale maji ya Jumanne nani aliyamwaga?"

"Mimi."

"Yalikuwa na rangi gani?"

"Zambarau. Sahani nzima. Nimeisugua kwa majivu mara mbili."

"Na hukuniambia?"

"Stempu zilikuwa bado zinakauka. Ungeweza kujitoa kwenye mashindano, ukabaki na heshima yako." Alisema hivyo kama anayesimulia bei ya nyanya. "Ila uliniambia neno la stempu lisinitoke. Halikunitoka."

Kibano akamsikia mkewe akiingia jikoni, kiberiti kikalia, kijiko kikaanza kuzunguka sufuriani. Harufu ikaja, nzito, ya unga unaochemka.

"Unapika nini saa hizi?"

"Gundi."

Bi Unga alitoka na sufuria, akaenda kwenye sanduku la nguo, akachomoa kutoka chini kabisa kurasa kumi na sita ambazo mumewe alidhani zilichomwa zamani. Wadudu walikuwa wamekula wino na karatasi, ila ndege wengi walikuwepo, wameshika imara. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na pengo. Akafungua albamu ya mumewe kwa vidole vitupu, akazitoa zile nne nyeupe, akazipaka unga wa moto mgongoni na kuzibandika kwenye pengo. Akazikandamiza kwa dole gumba mpaka unga ukafurika pembeni.

Kisha akausimamisha ukurasa mezani, ameuegemeza kwenye birika, mbele ya uso wa mzee.

Akakaa, akangoja.

Kibano aliinuka mwenyewe, akaisogeza meza kwa nyonga, akasimama kando ya ukurasa, mikono nyuma.

"Haya," alisema Bi Unga, "tuanze na kosa la kwanza."