Paipu ya Mvinyo wa Adongo

Mwaka jana mvinyo wa nanasi wa Adongo uligeuka siki, na akina mama wa kanisa pale Kaloleni wakautia kwenye kachumbari huku wakicheka. Mwaka huu aliapa hawatacheka tena. Alisugua chupa, akazimwagia maji moto pamoja na paipu, akazipanga juu ya kitambaa safi, tayari kuhamisha mvinyo kutoka kwenye ndoo.

Mumewe Ooko, aliyezoea kuvuta petroli ya injini ya mashua kwa mdomo, akaichukua ile paipu akaipeleka midomoni.

"Baba Amolo, wacha! Si umetoka kula omena sasa hivi?"

"Aa, Mama Amolo, mbona petroli haijawahi kulalamika?"

"Petroli haichachi! Kumbe ni huo mdomo ulioniharibia mvinyo mwaka jana!"

Ooko akacheka mpaka akakaa chini. Adongo akanawa mikono, akaosha paipu upya, akaijaza maji yaliyochemshwa, akaziba ncha moja kwa kidole, akatumbukiza ya pili kwenye ndoo iliyokuwa juu ya meza, akaishusha ile iliyozibwa. Alipoachilia, maji yakatoka, mvinyo ukafuata wenyewe.

Jumapili akina mama waliomba glasi ya pili. Ooko alisimama mlangoni akijisifu kwa kila mgeni: "Safari hii mimi sikusaidia hata kidogo!"