Siku ya Arobaini, Kando ya Lualaba

Nilipotimiza siku arobaini baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe alikuja mlangoni alfajiri, ameshika fimbo ndefu.

"Jifunge nguo, tutoke," akasema. "Tunapitia huku, tunarudi kwa kule. Mutoto aone kwao."

Mimi si mzaliwa wa Kindu. Nilikuja kuolewa hapa kutoka msituni upande wa Pangi, na mto ule mkubwa, Lualaba, niliuogopa hata nikawa sitoki uani ila kwa lazima. Mama mkwe alikuwa mfupi, mwenye maneno machache, nami nilidhani hanipendi.

Nikiwa na mtoto mgongoni, tulipita kwanza katika mashamba ya mpunga, masuke ndiyo kwanza yanachomoza. Kila baada ya hatua chache alisimama na kushika kiuno, kumbe alikuwa ananipumzisha mimi. Njia ikapanda taratibu katikati ya michikichi mpaka juu ya kilima, na hapo akanishika mabega, akanigeuza.

Lualaba yote ilikuwa chini yetu. Jua lilikuwa limechomoza upande wa Alunguli, ng'ambo ya mto, na maji yale ya rangi ya udongo yaling'aa kutoka ukingo hadi ukingo. Wavuvi walikuwa wamesimama mitumbwini wakipiga makasia kwa pamoja, na ndege weupe wakiruka juu ya visiwa.

"Ungali na woga?" akaniuliza.

"Kidogo, mama."

"Hata mimi niko na woga. Lakini naangalia."

Tukashuka, tukafuata ukingo hadi kwenye kijito kinachoingia mtoni. Gogo la kuvukia halikuwapo. Mvua ilikuwa imelichukua. Nikasema turudi tulikotoka. Yeye akapandisha kaniki yake, akaingia majini akipima kwa fimbo, akafika ng'ambo, akarudi. Maji yalimfika kiunoni. Akampokea mtoto, akamweka begani.

"Shika nguo yangu. Usiangalie maji, angalia kisogo changu."

Katikati mguu wangu uliteleza. Nilimvuta kwa uzito wangu wote, naye hakuyumba. Alingoja tu mpaka nikasimama sawa. Mtoto hakuamka.

Tulifika ng'ambo. Akakamua nguo kwa mkono mmoja, kisha akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka.

"Siku yangu ya arobaini nilitoka peke yangu," akasema. "Nikasema moyoni, mke wa mwanangu hatatoka hivyo."

Nililia pale pale, nimelowa mpaka kifuani. Naye aliniacha nilie, akimbembeleza mtoto, kisha tukarudi nyumbani kwa njia ya migombani.

Tangu hapo tulizunguka pamoja karibu kila juma. Miguu yake ilipochoka kabisa nilikwenda peke yangu, na niliporudi nilikaa kando ya kitanda chake nikimweleza nilichokiona. Alitaka nieleze polepole, bila kuruka mahali.