Mama Kaunta avuka kaunta

Saa mbili asubuhi Mama Kaunta anapanga viti. Ni vya plastiki, na kimoja kina mguu mfupi; hicho anakivuta upande wake ili asikikalie mgeni. Anavizungusha duara katika sebule ya nyumba ambayo watu walioelemewa na pombe au dawa za kulevya huja kukaa miezi mitatu wajifunze kuishi bila vitu hivyo. Kisha anasimama katikati, mikono kiunoni, anatafuta meza ya kufuta. Meza hakuna. Anacheka peke yake.

"Miaka kumi na minane nimefuta meza," anasema. "Mkono wenyewe unatafuta kitambaa bila kuniuliza."

Mama huyu alikuwa mhudumu wa baa, tena si mhudumu wa hivihivi. Jina la Mama Kaunta alipewa na wateja, likaganda, hadi wakwe zake wanamwita hivyo. Ukiingia umenuna, alijua. Ukiingia na mshahara mfukoni, alijua kabla mkeo hajajua. Leo ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi, kozi ya mwaka mmoja ya kuwahudumia watu wenye uraibu, na yuko hapa kwa mafunzo ya vitendo. Sare yake ya kijani huipiga pasi usiku, na asubuhi huirudia.

Kilichomtoa kaunta ni swali. Jioni moja mke wa mteja wake, fundi seremala, aliingia baa. Watu wakageuza viti wakisubiri vita. Ng'o! Yule mwanamke hakupigana wala hakutukana. Aliagiza soda, akainywa nusu, halafu akamuuliza Mama Kaunta taratibu: "Mume wangu anakueleza nini wewe, ambacho mimi hanielezi?"

Fundi alikuwa akimweleza mengi: kazi zilizopungua, deni la heshima alilohisi kwa watoto wake, hofu ya kuzeeka mikono ikitetemeka. Naye alimsikiliza vizuri kabisa, kisha akamjazia glasi.

"Nilikuwa panya mimi," anasema. "Nauma na kupuliza."

Binti yake wa mwisho alipoona tangazo la chuo, alimsomea kwa utani. Mama hakuuona utani. Mwezi haukuisha akaacha kazi. Bosi wake alimwambia atarudi analia, na kwa kweli kipato cha nyumba kilishuka chini ya nusu; tangu hapo wanaishi kwa cherehani ya mumewe, ambaye anasema hajawahi kushona suruali nyingi hivi tangu azaliwe.

Darasani alikwenda vizuri. Balaa lilimngoja kwenye mtihani wa vitendo. Mkufunzi, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba, aliigiza mlevi aliyekuja na hasira zake. Akapiga meza, akafoka, akatishia kuondoka. Mama Kaunta akamshika bega kwa upole, akamkalisha, akamwambia: "Usijali, mzee wangu. Tulia hapo nikuletee nyingine ya baridi."

Lo! Darasa zima mbavu halina. Mkufunzi mwenyewe alivua miwani akafuta machozi ya kicheko, kisha akampa sifuri. Mama Kaunta alicheka na wenzake mpaka getini, na alipofika nyumbani akalia. Kanuni ya chuo ni kwamba vitendo hurudiwa mara moja tu. Akianguka tena, safari imeishia hapo, na baa hakuwa na uso wa kurudi nao.

Mkufunzi alimweleza kwamba kosa halikuwa maneno yale tu. Baa, mtu akinyamaza, mhudumu huja. Glasi tupu ni mwito. Mama Kaunta hakuweza kuvumilia ukimya wa mtu. Lazima auzibe, kama si kwa kinywaji basi kwa utani, kama si utani basi kwa ushauri ambao hakuombwa. Ilimbidi ajifunze kukaa na mtu asiyesema, asimletee kitu.

Mwalimu wa mazoezi akawa binti yake. Walikaa jikoni wakitazamana, na wa kwanza kusema anaosha vyombo. Mwezi mzima, anakiri mama, vyombo aliviosha yeye.

Mtihani wa pili ulipangwa kufanyika hapahapa, na mtu wa kweli, mkufunzi akiwa pembeni. Wiki moja kabla, ni nani akaletwa kama si yule fundi seremala? Alipomwona Mama Kaunta mlangoni na sare ya kijani alisita, akataka kugeuka. Mkufunzi akasema haifai, atamtafutia mtu mwingine. Mama Kaunta alikubali, ingawa roho ilimuuma. Aliyekataa ni fundi.

"Niacheni na huyuhuyu," alisema. "Wengine nitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Huyu uongo wangu ameusikia wote."

Siku ya mtihani wakakaa. Fundi alisema mawili matatu kuhusu mbao na gundi, kisha akanyamaza. Utani ulimjaa Mama Kaunta mdomoni, akaumeza. Mikono akaikalia. Fundi akatazama dirisha, akatazama viatu vyake. Nje mtu alikuwa akikinga maji bombani. Ndoo ikajaa, akaenda zake, na bado hakuna aliyesema neno.

Hapo fundi akaanza. Hakusema aliyokuwa akiyasema kaunta. Alisema anaogopa kurudi nyumbani akiwa mzima, kwa kuwa mkewe amezoea kumsamehe mlevi, na huyo mwingine hamjui. Alilia, na Mama Kaunta akamwacha alie mpaka akamaliza, ndipo alipomuuliza kama angependa mkewe ayasikie hayo.

Jumapili mkewe alikuja, wakakaa wawili, mlango umefungwa. Walisema nini?

"Sijui," anasema Mama Kaunta, na uso wote unang'aa. "Safari hii mimi ndiye nisiyejua."

Alifaulu, na siku hiyo vyombo aliviosha binti bila kuambiwa. Imebaki miezi miwili apate cheti. Anataka kuanza na wahudumu wenzake wa baa, ambao wengi hunywa na wateja usiku kucha na hakuna anayewauliza hali. Bosi wake wa zamani, baada ya kunung'unika sana, amekubali kumpa chumba saa za mchana.

Saa sita fundi anaondoka. Miezi yake mitatu imetimia. Mkewe yuko nje ya geti amevaa nguo ya kutokea. Nyumba nzima imekuja kumsindikiza. Mama Kaunta anamshika mkono kwa mikono miwili, anatabasamu, na mazoea ya miaka yanamtoka yenyewe:

"Karibu tena, fundi!"

Watu wanaangua kicheko. Mama Kaunta amejiziba mdomo. Fundi anacheka mpaka anaweka begi chini.

"Sirudi ng'o," anasema. "Mimi umeshanikosa."

Anaokota begi, anaondoka na mkewe. Mama Kaunta anawatazama hadi wanapokata kona, machozi yakimtoka na kicheko hakijaisha.

"Namwomba Mungu," anasema, "wote wanijibu hivyohivyo."