Mdhamini wa Tatu Hakutia Saini

Kiwandani walimwita Bi Kwanini. Kwa miaka kumi na tisa alisimama kwenye mashine ya kufuma mablanketi, na kila karatasi iliyoletwa mbele yake aliisoma hadi mstari wa mwisho, huku wenzake wanaosubiri kalamu wakikoroma kwa makusudi.

Kwa hiyo mwenye kiwanda alipostaafu na kuweka robo ya hisa zake kwenye amana ya wafanyakazi, walijua nani wa kumchagua. Amana ile ilikuwa na wadhamini watatu: wakili, mhasibu wa kiwanda, na mfanyakazi mmoja. Wao walizishika hisa, lakini faida yake ilikuwa ya watu wa mashine, na haikutoka hata senti bila saini zote tatu.

Mwaka wa tatu, mkurugenzi mpya, mpwa wa yule mzee, alimwita ofisini. Wadhamini wenzake wawili walikuwa wameshasaini karatasi iliyokuwa mezani.

"Mama, faida tunaigawa. Ila tukiita malipo, kodi itamega karibu theluthi. Tutaiita mkopo. Mkopo haukatwi kodi."

"Na utalipwa lini?"

Mkurugenzi akacheka. "Hautalipwa."

"Sasa mkopo gani huo?"

Bi Kwanini akaomba nakala ya karatasi. Ukurasa wa nne ulikuwa na orodha ya wakopaji. Wa kwanza alikuwa mkurugenzi mwenyewe, na fungu lake liliyazidi mafungu ya wafumaji arobaini ukiyajumlisha.

Siku yake ya mapumziko alipanga foleni ofisi ya kodi, akamuuliza karani bila kutaja kiwanda. Karani alimweleza kwamba pesa ikiwa bado ndani ya amana si yako, hivyo hudaiwi. Ikishatua mkononi mwako kwa sababu ya kazi yako, ni sawa na mshahara.

"Iite mkopo, iite zawadi, kodi ni ileile," karani alisema. "Tukigundua baadaye, tunaongeza na faini."

Alipowaeleza wenzake kantini, wa kwanza kusimama alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa boila.

"Dada, nyumba yangu haina paa! Unatupigania au unatupiga?"

"Nataka mlipwe, lakini pamoja na mishahara, kodi ikatwe waziwazi. Na yule bwana atoke kwenye orodha. Anajificha nyuma ya migongo yetu. Faini ikija, yeye ana wakili. Wewe una nani?"

Wengine walizomea. Mdogo wake aliondoka, chai yake ikabaki mezani.

Wiki iliyofuata Bi Kwanini alihamishiwa banda la kuchambua mabaki ya sufu, ambako watu hufunga vitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Mkurugenzi akapita siku moja.

"Bado hujachoka, mama?"

"Nimechoka sana, mwanangu. Lakini kuchoka si kusaini."

Mwezi wa tano alimwandikia wakili, mdhamini mwenzake, barua ya mistari miwili: kama mikopo hii ni halali, naomba uniandikie hivyo, uweke saini na muhuri. Baada ya wiki mbili wakili aliifuta saini yake kimyakimya, na mhasibu, aliyekuwa akimwangalia wakili tu, akafuata.

Ikaandikwa karatasi mpya, ikatiwa saini zote tatu: faida ikagawiwa pamoja na mishahara, kodi ikakatwa, na mkurugenzi hakupata kitu. Mdogo wa Bi Kwanini aliezeka vyumba viwili. Cha tatu kilibaki na turubai, na kwa miezi kadhaa salamu yake kwa dada ilikuwa ya kutikisa kichwa.

Bi Kwanini hakurudishwa kwenye mashine yake. Uchaguzi wa mdhamini ulipofika, mkurugenzi alimsimamisha msimamizi wa zamu agombee dhidi yake, na rafiki mmoja akamshauri mama ajipumzikie.

"Nikiwaachia kiti, watajua dawa yangu ni vumbi," alisema, akajaza fomu.

Alishinda kwa kura tisa. Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa mhasibu akadai kumbukumbu za vikao vyote vya amana tangu ianzishwe, akavuta kiti, akaanza na ukurasa wa kwanza.