Vyuo Vitatu na Kidole cha Baba

Fomu zililetwa darasani Jumatatu, na kufikia Jumanne hakuna mtu katika darasa la kumi na mbili aliyekuwa akimwamini mwenzake. Tulikuwa vijana kumi na tisa. Miaka minne tumekula maharage ya sufuria moja, tumeibiana sabuni na kusameheana, lakini karatasi ile ilitufanya tuandike huku tumeilalia meza kama kuku anayeatamia mayai.

Ilikuwa na mistari mitatu ya kuandika vyuo tunavyoomba: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mwalimu wetu wa darasa, Mchaga mrefu ambaye suti yake ilikuwa ya zamani kuliko wengine wetu, alitueleza namna ya kuijaza kwa akili. Mstari wa kwanza andika chuo unachokiota. Wa pili andika kile ambacho alama zako zinaweza kukitazama usoni bila aibu. Wa tatu andika kitakachokuchukua hata kama siku ya mtihani utaamka na homa. Kila mwaka, alisema, kuna vijana wanaandika chuo kikuu cha Kampala mara tatu, na kila mwaka anakutana nao Tengeru wakipakia ndizi za mama zao. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Nikaona huyu ana lake jambo.

Tatizo halikuwa mistari. Tatizo lilikuwa kwamba vyuo vilichukua watu wachache kutoka jimbo letu, kwa hiyo kila aliyeandika chuo chako alikuwa ametia mkono kwenye sahani yako. Ndiyo maana wote tulidanganyana. Aliyetaka Kampala alisema kilimo. Aliyetaka kilimo alisema amechoka na jembe, anakwenda polisi. Mimi nilitangaza kwamba naomba chuo cha wachungaji, na darasa lote likacheka, maana mwaka juzi niliwahi kulia kama mbuzi katikati ya sala ndefu na mchungaji akamtuma mtu nje kumfukuza mbuzi.

Ukweli wangu niliuficha hata mimi mwenyewe nisiuone sana. Nilitaka chuo cha matabibu, kule Dar es Salaam. Kampala ningeiweka juu kwa heshima tu, na ualimu chini kwa woga, lakini mstari wa kati ndio uliokuwa wangu. Zahanati ya kwetu ina dresa mmoja, mfunga vidonda, na nimemwona akimfunga kidonda mzee mmoja kwa utaratibu mpaka mzee akalala amekaa. Nilitaka kuweza kufanya hivyo. Lakini mtu anayelia kama mbuzi kanisani akisema anataka kuponya watu, nani atabaki na uso mkavu?

Niliyemwogopa zaidi ni mwenzangu wa dawati. Ni Mmeru kama mimi. Kihamba chao, shamba la migomba na kahawa, kiko juu ya chetu mlimani, cha mwisho kabla ya msitu. Baba yake ni mzee wa kanisa mwenye kahawa safi kuliko wote huko juu, na mwenzangu mwenyewe alikuwa na alama za juu za kuchukiza. Aliniambia ameandika ualimu mistari yote mitatu. Aliniambia kwa sauti ya upole mno, na mimi sauti ile naijua. Ndiyo aliyoitumia siku aliyosema hajaiona sabuni yangu.

Kwa hiyo Jumatano, tukiwa tunafua, nikamtengenezea uongo.

Chini ya majina ya vyuo fomu iliuliza mzazi ana ekari ngapi na mibuni mingapi. Mwalimu alisema ni kwa ajili ya kupanga ada. Nikamwambia mwenzangu kwamba hiyo ni kwa vyuo vingine. Ukiomba matabibu, nikasema, karatasi inapita kwanza kwa Bwana DC, Mzungu wa wilaya, na ukishindwa mtihani wa mwisho wanajilipa kwa kukata kipande cha kihamba cha baba yako. Nikaona uongo bado unachechemea, nikauongezea mguu: wanaanza kukata upande wa mtoni. Akaisugua kola ya shati lake mpaka nikaihurumia kola.

Nilitaka kumtisha mtu mmoja tu. Nilisahau tunaishi mlima gani. Upande wa kaskazini watu walikuwa wamehamishwa kutoka ardhi yao kwa amri ya Serikali ili kupisha walowezi, na tangu hapo karatasi yoyote yenye neno ekari huku kwetu inatazamwa kama nyoka aliyekunjwa. Mwenzangu alimweleza shangazi yake aliyekuja mjini Alhamisi na ndizi. Shangazi hakuwa mtu wa kulala na neno.

Jumamosi nikaomba ruhusa, nikateremka kutoka shuleni, nikashika barabara ya Moshi, nikavuka mto Nduruma na kupanda nyumbani. Nilikuwa na fomu ndani ya kitabu cha nyimbo ili isikunjike. Ilihitaji alama ya kidole gumba cha baba tu, na bahasha ya shule ilikuwa inapelekwa posta Jumatano inayofuata. Bila kidole, mwalimu alisema, fomu hairuhusiwi kuingia kwenye bahasha.

Baba alikuwa anapogoa mibuni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka.

"Hiyo ndiyo karatasi inayouliza mibuni?"

"Ndiyo, baba, lakini..."

"Tumeshasikia. Ukishindwa wanakata kihamba. Wanaanza upande wa mtoni."

Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na mtoto wake sokoni, kavaa viatu vya watu. Ulikuwa uongo wangu wenyewe kabisa, ila umenenepa. Njiani ulikuwa umepata mpima ardhi mwenye minyororo, na mwanamke mmoja alikuwa ameshamwona kwa macho yake kule Usa. Washili, yaani wakuu wa koo, walikuwa wamekutana asubuhi ile pembeni ya soko la Tengeru na kukubaliana kwamba hakuna baba atakayeweka kidole.

Nikakiri. Nilieleza yote: dawati, alama za kuchukiza, kufua, mguu wa kuongezea. Baba akaweka kisu chini.

"Jumatano ulikuwa unadanganya."

"Ndiyo, baba."

"Na leo Jumamosi unasema kweli."

"Ndiyo, baba."

"Soko lina siku zake, kila mtu anazijua. Siku zako za ukweli mimi nitazijuaje?"

Akanikumbusha mbuzi wa kanisani. Akanikumbusha pia siku niliyomwambia mama kwamba mchungaji anakuja, mama akachinja jogoo, mchungaji hakuja, na paja nikala mimi. Akasema labda wakubwa wa shule wameona habari imewaharibikia, wakanituma mtoto niseme nimeitunga. Kumbuka huyo ni baba yangu mzazi. Alinitazama jinsi anavyomtazama mnunuzi wa kahawa anayesifu kahawa kabla ya kuipima.

Mama alinipa loshoro ya mahindi na maziwa mgando, nikala nikiwa nimeinamia bakuli. Baba akasema Jumatatu atateremka mwenyewe.

Alikuja na koti lake la ibada na fimbo. Sasa, baba ana namna yake ya kununua ng'ombe. Hamuulizi habari zake mtu mmoja. Anauliza watatu ambao hawajakutana, kisha anayapanga maneno yao sambamba atafute yalipoachana. Fomu yangu aliinunua hivyo hivyo. Mwalimu wa darasa alimtafsiria kila mstari kwa Kiswahili, baba akasikiliza amefumba macho. Kisha akaomba aletewe mwalimu mwingine, na huyu wa kwanza atoke nje. Mwalimu wa hisabati akaja, akatafsiri upya, akashangaa kuulizwa mara mbili kama neno mto limeandikwa mahali popote. Halikuwapo. Baba akataka wa tatu. Walimu wengine walikuwa darasani, kwa hiyo akaitwa mpishi, ambaye hajui Kiingereza. Mpishi aliigeuzageuza, akasema ni karatasi nzuri, nzito. Baba akaitikia kwa kichwa kana kwamba huyo ndiye aliyemsaidia zaidi.

Kwenye ekari na mibuni hakukubali namba. Alimwambia mwalimu aandike: kihamba ni cha ukoo. Mwalimu akasema swali linataka tarakimu. Baba akamwambia kwa upole kwamba hata Uchagani mambo ni hayo hayo, naye anajua: kihamba umeachiwa na babu na utamwachia mjukuu, sasa katikati hapo wewe ni nani wa kukihesabu? Mwalimu alichovya kalamu. Akaandika.

Kisha baba akachovya kidole kwenye wino. Akaweka alama panapotakiwa. Akaendelea. Kila palipobaki nafasi nyeupe mbele ya maneno, akaweka kidole, kama unavyoziba mianya ya ua ili mbuzi wasipite. Alipomaliza fomu ilikuwa na vidole saba, na mwalimu alikuwa ameshika paji la uso. Hata hivyo akaipokea, akaiweka juu ya nyingine.

Hapo ndipo nikaona ya mwenzangu. Ilikuwa imelala mezani peke yake, kando ya zile zilizokamilika, na mwandiko wake mzuri wa kuudhi. Mstari wa kwanza: matabibu. Wa pili: ualimu. Ualimu mara tatu, eh? Na chini kabisa, pa kidole cha mzazi, peupe.

Nitasema nilichofikiri, maana nikiruka hapa mtanishuku. Nilifikiri: mmoja kapungua. Nilifikiri pia kwamba ni yeye aliyeanza kunidanganya. Mambo hayo mawili yalikaa vizuri pamoja kwa muda wa kama kufunga kamba za viatu.

Baba alikuwa anajifuta wino kwa majani, haukutoka. Akauliza ile isiyo na kidole ni ya nani. Nikamwambia. Akauliza tena, hiyo ndiyo nyumba uongo wako ulikoanzia? Nikasema ndiyo. Akachukua fimbo yake na kwenda kuniombea ruhusa. Hakuniambia tunakwenda wapi, na mimi sikuhitaji kuambiwa.

Tulipita kwetu bila kusimama, tukaendelea kupanda. Mzee wa kanisa alikuwa ameketi barazani pake akichambua mbegu za maharage. Tulisalimiana kwa kirefu, habari za ng'ombe, za mvua, za kikohozi. Mwishowe baba akanyoosha kidole chake cha zambarau.

"Nimeweka," akasema.

"Naona umeweka. Kidole hakinionyeshi kama hukudanganywa."

"Basi muulize mdanganyifu. Huyu hapa."

Nikaeleza kwa mara ya pili. Kusema kweli mbele ya mtu asiyekuamini ni kama kuvaa koti lililolowa. Mzee hakunikatiza. Aliendelea kutupa mbegu mbovu upande mmoja, nzima upande mwingine, na nilihesabu mbovu zinaongezeka. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Kwa nini upande wa mtoni?"

Hilo baba hakuwahi kuniuliza. Nikafikiri, nikagundua jibu ninalo.

"Kwa sababu mimi ndiko ningeanza, Mzee. Udongo wa huko ndio mzuri."

Akasimamisha mikono. Alimtazama baba, baba akatazama mlima.

"Mzungu angeanza barabarani," mzee akasema taratibu. "Siku zote huanzia penye njia ya lori. Huu ni uongo wa mtoto wa mkulima."

Sikujua kama nimesifiwa. Aliingia ndani, akatoka na kofia, akaanza kuipangusa vumbi kwa ajili ya safari. Kesho yake, Jumanne, alikuwa ofisini kwa mwalimu kabla ya kengele, akaweka kidole kimoja, mahali pamoja, akamwambia mwalimu kwamba yeye si kama jirani yake wa chini, yeye anaamini watu. Kisha akamwomba amsomee mara ya pili. Wazazi wengine wanne wa kwetu walifuata mchana ule, baada ya kuambiwa habari ya barabarani na mtoni. Jumatano bahasha ikaenda posta. Adhabu yangu ilikuwa kuchota maji ya jikoni mwezi mzima, na mpishi alinihesabia ndoo kwa uaminifu, mtu yule wa karatasi nzuri.

Majibu bado. Mwalimu anasema tutulie, tusome. Mwenzangu na mimi bado tuko dawati moja, na sasa kila mmoja anajua mwenzake ameomba matabibu, kwa hiyo tunaandika tukiwa tumeweka viwiko kama ukuta. Sikusema lolote kuhusu ualimu mara tatu. Yeye hakusema lolote kuhusu kihamba.

Juzi, tukiwa tunafua, ameniambia kwa upole kwamba amesikia wanafunzi wa matabibu kule Dar es Salaam, wiki ya kwanza, wanalazwa chumba kimoja na maiti ili wazoee. Watu wengi wameacha chuo kwa sababu hiyo, akasema. Nikamuuliza maiti inawekwa upande gani wa chumba.

"Dirishani," akajibu, hata hakufikiri.

Nikaendelea kusuuza shati langu. Dirishani ndipo anapolala yeye bwenini.