Gamba la plasta

Leo, hapa Dilolo, nimepita kwenye nyumba inayopigwa plasta, na harufu yake mbichi imenisimamisha njiani.

Nilikuwa msichana mdogo kule Kolwezi. Kifua kikuu kilikuwa kimekula pingili za uti wangu wa mgongo, nikafungwa plasta ngumu kutoka kwapani hadi nyongani. Watoto waliochota maji bombani waliniita kobe. Mama aliogopa kwamba bila plasta mgongo ungekunjika.

Siku ya kuitoa, muuguzi aliikata kwa msumeno, vumbi jeupe likatuingia puani. Upepo ukanigusa mgongo, baridi kama maji.

"Simama, mama," mama akaniambia kwa sauti ndogo.

Nikasimama. Mgongo ulikaa wima. Mama akapiga vigelegele hadi wagonjwa wa vyumba vingine wakaitikia.

Lile gamba tulirudi nalo nyumbani, tukaliacha uani. Juma lililofuata nikaenda bombani.

"Kobe anakuya! We kobe, gamba yako iko wapi?"

"Kuku ya mama iko inatagia mule," nikawajibu. "Mukuye kununua mayai."

Wakacheka mpaka wakanipisha. Nikakinga maji kwa viganja, nikayanywa nimesimama wima.