Rimu Zilizokuja Bila Mtu

Ulikuwa mwaka ule tuliokula wali wa ng'ambo huku uwele wetu umekaukia shambani. Aliyekuwepo ataujua. Maduka ya mjini yalikuwa yamefunguka mpaka yanatia kizunguzungu: siagi ya kopo, biskuti za pakiti, sabuni za kunukia, vitu ambavyo zamani kidogo ulivipata kwa foleni na kwa kujuana. Na huku nyuma ya nyumba mvua imekataa, mboga ni mlenda wa kukausha, unga ni wa kununua. Jumapili tulikula kama matajiri, siku nyingine tukala kama mbuzi.

Mimi nilikula peke yangu. Niliendelea kupika sufuria ile ile ya watu wengi kwa sababu mkono ulishazoea, na mbwa wangu akanenepa mwaka ambao hata ng'ombe walikuwa wanaonyesha mbavu. Mume wangu nilikuwa nimemzika mwaka wa nyuma yake. Watoto kila mmoja alishika njia yake, na huyu wa mwisho, ninayemwandika hapa, alikuwa Dar es Salaam, ana kazi bandarini, ana mke na watoto wadogo. Jirani yangu wa karibu alikuwa mbali kiasi kwamba ukimwita anakusikia, lakini hajui unasema nini.

Marehemu aliniachia hapa kijijini kwetu, Hombolo, vitu viwili vya maana, shamba la zabibu na pikapu. Kuendesha alinifundisha mwenyewe, macho yalipoanza kumsumbua. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini klachi haiulizi cheti. Nilikaa kwenye kiti cha dereva na kitenge changu, wanaume wakasimama kando ya njia wanacheka. Walicheka mpaka siku wake zao waliposhikwa na uchungu na gari la kuwafikisha hospitali likawa langu tu.

Pikapu ile ndiyo iliyonishikilia pale. Ilibeba mapipa ya maji kutoka bwawani kwenda kwenye mizabibu, ikabeba zabibu kwenda mjini. Ikilala, mizabibu inakufa. Mizabibu ikifa sina cha kunikalisha Hombolo, na watoto wangu watakuja kunibeba kama gunia. Hilo nililijua vizuri kuliko jina langu.

Sasa rimu zake zilikuwa zimezeeka. Zilipasuka kwenye matundu ya bolti, fundi wa kuchomelea akaziba, zikapasuka pembeni ya pale alipoziba. Mwisho akazima mashine yake akaniambia, "Mama, sasa nachomelea kutu juu ya kutu. Tafuta nyingine."

Nikaenda mjini kupiga simu. Mwanangu alipopokea alinipa shikamoo, kisha kabla sijamaliza habari ya rimu akaanza.

"Mama, hilo gari limechoka. Uza. Shamba nalo uza. Njoo ukae na sisi, wajukuu wako wanakuulizia."

"Nataka rimu."

"Mama, unanisikia lakini?"

"Nakusikia, na foleni yote iliyo nyuma yangu inakusikia. Sihami. Mlango wangu naufungua mwenyewe na naufunga mwenyewe."

Akacheka, akashusha pumzi. Akauliza rimu ina matundu mangapi ya bolti. Nikamwambia matano. Akauliza ukubwa wa tairi, nikamsomea nilivyokuwa nimeandika kiganjani. "Basi," akasema, "siku hizi rimu zinashuka melini kila siku, nzuri kuliko hizo. Nitazileta mwenyewe, Mama. Mwezi ujao."

Nilirudi nyumbani nikapaka nyumba chokaa. Nikamtenga jogoo, nikamlisha vizuri. Siku yenyewe ilipofika nikamchinja asubuhi, nikatandika kitanda cha chumba cha pili, nikakaa kibarazani na kitenge kipya. Mchana likaja lori. Akashuka dereva nisiyemjua, akaniamkia kwa heshima zote, akateremsha rimu nne zikiwa na tairi zake.

"Bibi, mwanao anasema kazini wamembana. Anasema atakuja tu."

Ningefanya nini? Nikamkaribisha. Paja la jogoo, lile nililomwekea mwanangu, lililiwa na mtu ambaye sikujua hata kwao ni wapi. Alikula vizuri, siwezi kumsema. Alinawa, akashukuru, akawasha lori lake. Vumbi lilipotua nikabaki na rimu.

Zilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Si chuma cheusi kama zile za marehemu. Zilikuwa nyeupe za kung'aa, zimechongwa kama nyota. Niliinama nikaona uso wangu humo, umevimba kama boga. Nikaziingiza ndani ya nyumba zilale kwenye chumba cha pili.

Fundi wa kijijini alizifunga. Matundu yaliingia yote matano, nati zikakaza. Jumapili nikaenda nazo kanisani, watu wakalizunguka gari. "Mama, gari limekuwa bibi harusi!" Nikajibu, "Mwanangu kaniletea." Sikusema katuma. Nilisema kaniletea.

Wakati wa kurudi, pale njia inapokata kushoto kuingia shambani kwangu, nikazungusha usukani, na nikasikia mlio kama mtu anavuta meza ya chuma juu ya saruji. Nikanyoosha, ukanyamaza. Nikakata tena, ukalia tena.

Kulikuwa na gereji mjini, nyuma ya soko, ya Mnyamwezi mmoja wa rika langu. Wanyamwezi ni watani zetu sisi Wagogo, kwa hiyo kwake huendi kwa adabu, unaenda kwa matusi.

"Mbukwa, mtani," akasema. Kigogo chake kilikuwa kinaishia hapo. "Leo Wagogo wameacha kuomba, wamenunua?"

"Na nyie mmeacha kubeba mizigo ya watu kichwani, mnashika spana?"

Akacheka mpaka akashika mgongo. Kisha akazunguka gari mara moja, akaacha kucheka. "Mbona magurudumu yamejificha? Yamefanya nini?"

Kweli. Nilikuwa natazama ule mng'ao tu, sikuona. Magurudumu ya zamani yalikaa sawa na ukingo wa bodi. Haya yalikuwa yameingia ndani, chini ya madigadi, kama mtu aliyekunja miguu kwa aibu.

Akapiga jeki, akafungua gurudumu moja la mbele. Akalilaza chini kifudifudi, pembeni yake akalaza rimu yangu kuukuu niliyokuwa nimeibeba nyuma ya gari. Akachukua ubao mnyoofu, akaulaza juu ya mdomo wa ile ya zamani, akashusha vidole kutoka kwenye ubao mpaka kwenye bamba la katikati, lile lenye matundu ya bolti. Vidole vikaingia. Akafanya vile vile kwenye hii mpya. Safari hii kiganja chote kilizama mpaka karibu na kifundo.

"Umeona?"

"Nimeona mkono wako mchafu."

"Sikia, mtani. Chukua debe, likate chini na juu, libaki bomba. Ndani yake gandisha sahani. Debe ndiyo rimu, sahani ndipo bolti zinapopita. Sahani ukiiweka katikati kabisa, nusu ya debe inakaa ndani ya gari na nusu inakaa nje. Ukiisogeza sahani kuelekea nje, debe lote linazama ndani, linakwenda kugombana na springi na vyuma vya usukani. Hii yako ndiyo hiyo. Ukiisogeza sahani kuelekea ndani, debe linatokeza nje kama kiwiko. Si unawaona hawa vijana wa mjini, magurudumu yametoka nje ya bodi? Wanajiona. Wananiletea beringi zilizokufa, usukani mzito kama jiwe. Matundu matano, upana sawa, tairi sawa, na bado rimu si ya gari lako. Hii imetengenezwa kwa gari dogo la kubebea watu, si pikapu ya shamba."

"Iweke kitu hapo katikati isogee nje."

"Naweza kukukerezea bamba la chuma. Lakini nati zitashika ncha za bolti tu. Unabeba mapipa ya maji wewe. Siku moja utaona gurudumu linakupita barabarani, utalipa shikamoo."

Nikamwambia zimetoka kwa mwanangu Dar, tulielewana kwa simu. Naye, kwa kuwa mtani hajui kunyamaza, akaongeza, "Mtoto kanunua kwa kuhesabu matundu."

"Mwanangu si mjinga."

"Sijasema mjinga. Nimesema hakuliona gari. Rimu hainunuliwi kwa simu, mtani. Lazima mtu aje, alale chini, aone inakwenda kukaa na nani huko ndani."

Angenitukana nisingeumia. Mtoto huyo alizaliwa gari hilo lipo. Alilala humo juu ya magunia. Alijifunza kuhesabu kwa kuhesabu bolti zake, na kwenye simu akaniuliza ziko ngapi. Sasa amebakiwa na kuhesabu tu, mengine yote yamemtoka.

"Zirudishe," nikasema. "Funga hivyo hivyo."

"Zitakula tairi kwa ndani, mahali usipopaona."

"Funga. Nitakata kona kidogo kidogo."

Basi miezi ile sikukata kona, nilizunguka. Kufika bwawani nilipita uwanja mzima wa shule ili nigeuke kwa mduara mpana kama ng'ombe wa kupura. Watoto walitoka madarasani kuniangalia. Wanawake wakaniuliza, "Mama, umepoteza nini huko uwanjani?" Nikawaambia nalionyesha gari. Ningezitoa, wangeuliza kwa nini. Na kama ningemwambia mwanangu hazikai, angesema, unaona, gari limekataa, sasa njoo. Kwa hiyo nilikaa na mlio ule. Jioni ulikuwa ndio sauti pekee iliyonijibu nikiongea.

Zabibu zilipoiva nilipakia matenga mpaka juu, nikaenda. Mzigo ulilishusha gari, tairi la mbele kushoto likasugua hata njia ikiwa imenyooka. Kabla ya mji likapasuka. Sikupinduka. Nililishika gari kwa mikono miwili na kwa maneno ambayo mwanamke wa kanisani hayaandiki, likaingia kwenye mchanga likasimama. Matenga yakamwagika. Nilikaa kivulini mwa gari, jua la saa sita, nyigu wakaja kwenye zabibu zangu kuliko walivyowahi kuja wageni kwenye nyumba yangu.

Jioni lori la kupita lilinivuta na gari langu mpaka nyumbani. Habari zilifika Dar zikiwa zimevimba: mama kapinduka, mama kavunjika. Mwanangu akaja. Alikuja kwa basi, na mkononi ameshika begi kubwa. Nilipolipokea nikaona ni jepesi. Lilikuwa tupu. Lilikuwa la nguo zangu.

Hakunisemesha juu ya begi. Alinishika mabega, akanigeuza kama mtu anayekagua mbuzi sokoni, akaona mzima. Kisha akavua shati, akalala chali chini ya gari la baba yake. Nilisimama natazama miguu yake. Alipitisha mkono upande wa ndani wa tairi la kulia, nyaya zikamchoma kidole. Akayakagua mengine, moja baada ya jingine.

Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. "Mama, mbona hukuniambia hazikai?"

"Ningekuambia, ungeleta nyingine kwa lori."

Alichukua rimu moja kuukuu ya marehemu, akaipandisha begani, akaenda nayo mjini kwa yule mtani wangu. Walizunguka pamoja kwenye magari mabovu, kila rimu waliyoiona wanailaza chini, wanaweka ubao, wanashusha vidole. Akarudi na nne za chuma zikiwa na tairi zake, nyeusi, mbaya kama sufuria za matanga. Akazifunga mwenyewe. Zikakaa sawa na ukingo wa bodi, na ndani, kati ya tairi na springi, mkono wake ukapita bila kugusa. Akaniita nije niuone unavyopita.

Tukaenda na gari mpaka ile kona ya kushoto. Alikata usukani mpaka mwisho. Kimya. Nilikuwa nimeuzoea mlio ule kiasi kwamba kimya kile kilinikaa kifuani.

Zile za kung'aa hakuzichukua. Alizipanga kwenye chumba cha pili, naye akalala kitandani kando ya rimu hizo. Kesho yake nilimchinjia kuku, akala paja mwenyewe. Nilipika sufuria yangu ile ile, na kwa mara ya kwanza hakikubaki kitu. Mbwa alisimama mlangoni hajui kosa lake.

Tukasubiri basi kibarazani. Alikuwa ameweka begi katikati yetu, bado tupu, zipu wazi.

"Gari limekaa sawa sasa," akasema.

"Limekaa."

"Maji utachota. Zabibu zilizobaki utazipeleka."

"Nitazipeleka."

Akachezea zipu, akaifunga nusu, akaifungua. Alikuwa na mikono ya baba yake, tena siku hiyo ilikuwa na grisi kwenye kucha kama ya baba yake, na mimi nilikuwa naitazama nikijua kwamba basi likifika itaondoka. Nikajua pia kwamba lile gari amelitengeneza ili niweze kubaki, na bado anataka niseme nakuja. Basi lilianza kusikika kabla ya kuonekana.

"Mama," akasema, "begi hili nimelileta kwa ajili yako. Twende."

"Sihami. Mlango wangu naufungua mwenyewe na naufunga mwenyewe."